Kumdhamini mwenza Kanada: aombe akiwa nyumbani au akiwa ndani?

Swali hili hunifikia kila mara kwa sura moja: "Dada, njia ipi ni ya haraka?" Anayeuliza anaishi Ottawa au Edmonton, ana uraia wa Kanada au ukaazi wa kudumu, ameoa Tanga au ameolewa Mombasa, mwenzake bado yuko huko, na anataka kumdhamini, yaani kumwombea ukaazi wa kudumu. Amesikia kuna kuomba kutoka nje na kuna kuomba ukiwa ndani, na watu watatu wamempa majibu matatu. Mimi huanza kwa kumrudishia maswali mawili. Mwenzako leo analala nchi gani, na ana hati gani mkononi? Na maombi yakikataliwa, mtabaki na nini?

Jibu la swali la haraka hubadilika kila baada ya miezi michache. Haya mawili ndiyo yaliyoniongoza nilipomdhamini mume wangu kutoka Tanga, na ningeyauliza tena leo kama ningekuwa naanza upya.

Makundi mawili ya kisheria, hali tatu za maisha

Kanada ina makundi mawili kwa mume au mke. La kwanza ni kundi la familia, ambalo watu huliita kuomba kutoka nje. La pili ni kundi la mwenza aliye Kanada, ndiko kuomba ukiwa ndani. Fomu karibu zote ni zile zile, ada ni ile ile, na siku hizi yote hutumwa mtandaoni. Anayeombewa huchagua kundi lake kwenye fomu ya IMM 0008.

Kinachowapoteza wengi ni hilo jina. Kuomba "kutoka nje" hakumlazimishi mwenzako awe nje. Anaweza kuwa amekaa sebuleni kwako Ottawa, muda wake wa matembezi ukiwa bado haujaisha, na maombi yake yakawa ya kundi la familia. Hakuna sheria inayomkataza. Kinyume chake ndicho kisichowezekana: kundi la ndani linataka mwenzako awe Kanada kweli, na muwe mnaishi pamoja, wakati wote maombi yanaposhughulikiwa.

Kwa hiyo hali ni tatu. Yuko nyumbani na anaomba kutoka nje. Yuko Kanada na anaomba ndani. Au yuko Kanada na bado anaomba kutoka nje. Hii ya tatu watu hawaambiwi, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa mwenye bahati ya kuipata.

Kama yuko nyumbani, uamuzi umeshafanyika

Mwenzako akiwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura na hana viza ya Kanada, ombeni kutoka nje. Njia nyingine hamna. Ili aombe akiwa ndani lazima kwanza aingie. Ili aingie anahitaji viza ya matembezi. Na ofisa wa viza akimwona kijana aliyeoa raia wa Kanada mwezi uliopita, jambo la kwanza analojiuliza ni kama huyu atarudi. Kanuni zinamtaka aridhike kwamba mgeni ataondoka muda wake ukiisha. Sheria inakubali mtu awe na nia mbili kwa pamoja, yaani atake kuhamia siku moja na bado aje kwa muda kihalali, lakini kazi ya kumridhisha ofisa ni ya mwombaji.

Hapo ndipo sisi tulipopoteza muda. Wakala mmoja alituambia tusihangaike na udhamini kwanza: mume aje kwa viza ya matembezi, "akishatua mengine yatajipa." Tukalipa. Tukakusanya barua ya mwajiri, taarifa za benki, hati ya kiwanja cha baba yake. Viza ikakataliwa kwa barua fupi. Kilichoniuma zaidi ya pesa ni ile miezi 5 ambayo maombi ya udhamini yangekuwa yameshakaa kwenye foleni. Wakala hakukoma hapo. Akashauri kwamba kwenye maombi ya pili tusitaje kuwa ameoa. Mume wangu alikataa pale pale, na hadi leo namshukuru. Kutoa taarifa za uongo kunamfungia mtu mlango wa Kanada kwa miaka 5, na udhamini ukija baadaye na cheti cha ndoa chenye tarehe ya nyuma, uongo unajianika wenyewe.

Kama unahitaji mtu wa kukusaidia kwa malipo, wanaoruhusiwa kisheria ni mawakili walio kwenye vyama vya sheria vya mikoa, washauri waliosajiliwa na Chuo cha Washauri wa Uhamiaji na Uraia cha Kanada, na manotari wa Quebec. Majina yao yanaweza kutafutwa mtandaoni bure. Nenda ukaangalie kabla ya kutuma senti.

Mpangilio ninaowashauri watu ni kuanza na kile kikubwa. Tuma udhamini, kutoka nje. Ukishapata namba ya maombi, ndipo aombe viza ya matembezi akieleza wazi kuwa ameoa, kuwa udhamini unaendelea, na kuwa anajua lazima aheshimu muda atakaopewa. Mei 2023 serikali ya Kanada ilitangaza kwamba viza za matembezi za wenza wenye maombi ya udhamini zitashughulikiwa haraka zaidi. Hiyo haina maana kila mtu atapewa. Lakini akinyimwa, foleni kubwa haijaguswa, na akipewa anakuja kusubiri nawe huku maombi yakibaki yale yale.

Rufaa, ambayo hakuna anayeiulizia

Maombi ya kutoka nje yakikataliwa, mdhamini ana haki ya kukata rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji, ndani ya siku 30 tangu apate sababu. Huko shauri linasikilizwa upya. Unaruhusiwa kuleta mambo mapya: tiketi za safari uliyokwenda baada ya kukataliwa, mtoto aliyezaliwa, mama mkwe anayetoa ushahidi kwa simu kutoka Pangani. Mwamuzi anaitazama ndoa yenu kama ilivyo siku ile.

Maombi ya ndani yakikataliwa, mlango huo haupo. Unachoweza ni kuiomba ruhusa Mahakama ya Shirikisho ipitie uamuzi, na una siku 15 tu kwa uamuzi uliotolewa ndani ya Kanada. Mahakama haitauliza kama ndoa yenu ni ya kweli. Itauliza kama ofisa aliamua kwa namna inayokubalika kisheria. Ukishinda, faili linarudi kwa ofisa mwingine, na mnaanza kusubiri tena. Au mnaacha hayo yote mnatuma maombi mapya na kulipa upya.

Haya yangekuwa mambo ya wanasheria tu kama ndoa zetu zisingekuwa hasa ndizo zinazohitaji kuelezwa. Ofisa anapima mambo mawili: ndoa ni ya kweli? Na je, ilifungwa hasa kwa ajili ya makaratasi? Moja tu kati ya hayo linatosha kuwakwamisha. Sasa chukua ndoa ya kawaida kabisa ya kwetu. Familia zimejuana miaka mingi. Posa ilipelekwa na wajomba. Wawili wenyewe walizungumza kwa simu mwaka mzima wakaonana ana kwa ana wiki mbili kabla ya harusi. Bibi harusi ana mtoto wa ndoa ya kwanza, bwana ni mdogo kwake kwa miaka 6. Kwa shangazi zetu hakuna cha ajabu hapo. Kwa mtu asiyejua posa ni kitu gani, kila sentensi ni swali.

Fomu ya IMM 5532 ndiyo inayouliza mlivyokutana, nani alihudhuria, familia zinajua au hazijui. Mimi niliandika karatasi tatu za ziada. Nikaeleza nani alileta barua ya posa na nani aliipokea, mahari ilikuwa nini na ilikabidhiwa lini, kwa nini harusi ilikuwa ndogo (shangazi alikuwa amefariki, hatukupiga ngoma). Nikaambatanisha miamala ya pesa nilizotuma na alizonitumia yeye, maana na yeye alinitumia. Hata hivyo nilijua ofisa anaweza kuwa na siku yake. Kujua kwamba nina rufaa kulinifanya nilale.

Safari, hasa ya msiba

Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Kigoma aliyeolewa huku, aliomba akiwa ndani. Viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja tu na alishaitumia. Alichokuwa nacho ni hati ya kuongezewa muda wa kukaa, ambayo haimrudishi mtu akishavuka mpaka. Mwezi wa nane wa kusubiri, baba yake akafariki. Alikaa jikoni kwangu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, akiangalia mazishi kwa video. Picha ilikuwa ikiganda. Ilipoganda mara ya mwisho walikuwa wanafukia, na sauti ya majembe ikaendelea bila picha. Hakulia mpaka simu ilipozima.

Hakuna ofisa aliyemkataza kuondoka. Kuomba ndani hakumfungi mtu. Lakini angeondoka, angehitaji viza mpya ya kurudi, na angenyimwa asingekuwa tena Kanada na mume wake. Sharti la kundi lake lingevunjika na maombi yangeweza kukataliwa, bila rufaa. Alipiga hesabu hiyo usiku mmoja na akabaki.

Aliyeomba kutoka nje hana mtego huo. Awe Kanada, awe Kigoma, aende Muscat kumwona dada yake, maombi yake yanaendelea kutembea. Akiwa Kanada na akatoka, tatizo lake ni viza ya kurudia tu, na hata akiikosa atasubiri nyumbani na mwisho atapata majibu yake.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, mkae wawili muulizane jambo ambalo hakuna anayependa kulisema: wazazi wana hali gani? Kuna anayeumwa? Kama ipo hata dalili moja, mimi singechagua ndani nikiwa na njia nyingine.

Kazi na matibabu

Zamani hapa ndipo njia ya ndani ilipokuwa ikishinda. Kuanzia Desemba 2014, walioomba ndani waliruhusiwa kuomba kibali cha kazi kisichofungwa kwa mwajiri mmoja wakati wanasubiri ukaazi. Watu wengi walichagua ndani kwa ajili hiyo tu, na ushauri huo bado unazunguka kwenye harusi na kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kilibadilika 2023. Sasa hata aliyeomba kwa kundi la familia anaweza kuomba kibali hicho, mradi yuko Kanada, anaishi anuani moja na mdhamini wake, na hali yake ya kukaa nchini ni halali au bado anaweza kuirejesha. Ada yake nimezoea kuona ni dola 255 za Kanada. Maana yake ni kwamba mwenye kuingia kihalali hahitaji tena kuuza haki ya rufaa ili apate kazi.

Aliye nyumbani kibali hiki hakimhusu. Kwake neno langu ni moja: asiache kazi. Wapo walioacha kazi wiki ya kutuma maombi kwa kuamini safari iko karibu, wakakaa mwaka wakitumiwa matumizi kutoka Kanada, na ugomvi ukaanzia hapo.

Matibabu ni jambo la mkoa kwa mkoa. Mgeni wa matembezi kwa kawaida hana bima ya mkoa, na mama mjamzito asiye na bima anaweza kuletewa bili ya uzazi itakayoitikisa nyumba. Ulizeni mkoa wenu kabla mke hajapanda ndege, na mnunue bima ya binafsi ya kipindi hicho. Na hili nalisema kwa sauti kwa sababu limewanyima watu usingizi bure: mume au mke anayedhaminiwa hakataliwi kwa sababu matibabu yake yataigharimu Kanada pesa nyingi. Sheria imewaondoa wenza kwenye kigezo hicho. Mwenye kisukari, mwenye virusi vya UKIMWI, mwenye figo, aende kwa daktari aliyeidhinishwa aseme ukweli wote.

Ada na muda

Hapa hakuna cha kuchagulia. Baada ya nyongeza ya tarehe 30 Aprili 2024, njia zote mbili zilikuwa dola 1,205: 85 za udhamini, 545 za kushughulikia maombi na 575 za haki ya ukaazi wa kudumu. Juu yake kuna 85 za alama za vidole na picha. Ada hizi hupandishwa kila baada ya miaka 2, kwa hiyo tazama ukurasa wa Uhamiaji siku ya kulipa.

Muda, tangu Desemba 2016 lengo lililotangazwa lilikuwa miezi 12. Kwa miaka mingi watu waliambizana kuwa ndani kuna nafuu. Mwaka 2025 ukurasa wa serikali ulikuwa ukionyesha kinyume: maombi ya ndani yakichukua muda mrefu kuliko ya nje. Sisi tulisubiri miezi 14. Quebec wana hatua yao ya ziada ya mkoa, na Juni 2024 waliweka kikomo cha maombi ya familia watakayopokea, kwa hiyo mkaazi wa Montréal asijipimie kwa rafiki yake wa Calgary.

Ndoa ya wakala na ndoa ya simu

Hili halihusiani na ndani wala nje, lakini limeangusha watu wa pwani wa pande zote mbili. Bwana yuko Toronto, hana likizo, tiketi ni ghali. Anamteua kaka yake awe wakala wake mskitini Tanga, au shekhe anafungisha ndoa simu ikiwa kwenye kipaza sauti. Kwetu ndoa imetimia, na cheti kinatoka. Tangu tarehe 11 Juni 2015, Kanada haiikubali ndoa hiyo kwa uhamiaji. Bwana na bibi lazima wote wawili wawepo kwa miili yao ndoa inapofungwa. Cheti kizuri cha serikali hakiliponyi hilo.

Aliyekwisha kufunga hivyo asikate tamaa. Azungumze na mwanasheria kuhusu kufunga tena kihalali wote wakiwapo, au, kama wameishi pamoja mwaka mzima bila kukatika, kuhusu kuomba kama wenza wanaoishi pamoja. Na anayepanga sasa hivi, tafadhali, subiri likizo. Tiketi moja ni ndogo kuliko mwaka mmoja.

Ndoa ya pili nayo: Kanada haimpokei mke wa pili kama mwenza wakati wa kwanza bado yumo ndani ya ndoa. Talaka ya mke wa kwanza iwe na hati inayotambulika kule ilikotolewa, iwe imesajiliwa, isiwe karatasi ya shekhe peke yake.

Mtoto usiyemtaja

Kila mtoto aliye chini ya miaka 22 asiye na ndoa atajwe, na apimwe afya, hata kama haji, hata kama anaishi kwa mama yake, hata kama mkeo wa sasa hajamjua. Mzazi akipata ukaazi bila kumtaja, mtoto yule anatolewa kwenye kundi la familia na mzazi hawezi kumdhamini baadaye kwa njia ya kawaida. Septemba 2019 ilianza sera ya majaribio iliyowafungulia baadhi yao, lakini ni sera ya muda, na usijenge maisha ya mtoto juu yake. Nimekaa na baba aliyemficha binti wa miaka 9 kwa kuogopa harusi ingevunjika. Binti sasa ni mkubwa, yuko Mwanza, na wanaongea kwa simu.

Aliyekuja kama mkimbizi huenda asihitaji kudhamini

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma wana mlango mwingine, na wengi huukosa kwa sababu waliambiwa "dhamini" na jirani aliyekuja kwa njia tofauti. Kama uliletwa Kanada kama mkimbizi na ulimtaja mkeo au mumeo kwenye maombi yako kabla ya kuondoka, anaweza kukufuata kupitia dirisha la mwaka mmoja tangu ufike. Hakuna ada ya udhamini. Mwaka huo unapita haraka. Wengi wanaumaliza wakijifunza basi na Kiingereza. Na aliyepewa hifadhi akiwa tayari ndani ya Kanada anaweza kumweka mwenzake aliye nje kwenye maombi yake mwenyewe ya ukaazi.

Kama dirisha limeshapita na inabidi udhamini, angalia mkopo wako wa tiketi ya kuja Kanada. Aliyeacha kuulipa mkopo wa uhamiaji hawezi kuwa mdhamini hadi aurekebishe. Vile vile anayepokea msaada wa ustawi wa jamii, isipokuwa kwa sababu ya ulemavu. Kipato chenyewe hakina kiwango cha chini kwa mume au mke, jambo ambalo huwashangaza walioambiwa wangoje wapate kazi kubwa.

Ningeamuaje

Mwenye viza hai ambaye yuko hapa na ndoa ni halali: ningeomba kundi la familia, nikaomba na kibali cha kazi, na nikaomba kuongezewa muda kabla haujaisha. Akubali tu kwamba anaweza kuitwa kwenye usaili nje ya Kanada, ingawa si kila mtu huitwa.

Aliyepitiliza muda wake, aliyefanya kazi bila kibali, ambaye akitoka hatarudi: aombe ndani. Tangu 2005 kuna sera inayowaruhusu wenza wasio na hali halali kuomba ndani bila kukataliwa kwa sababu hiyo. Sera hiyo haifuti makosa ya jinai wala uongo wa zamani, na huyu asijaze fomu peke yake. Akae na mwanasheria kwanza.

Mdhamini mwenye ukaazi tu, ambaye anataka kwenda kukaa Dar na mumewe wakati wanasubiri: asifanye hivyo. Mwenye ukaazi lazima aishi Kanada ili adhamini. Kutembea ni sawa, kuhamia hapana. Raia anaweza kudhamini akiwa nje, akionyesha kuwa watarudi kuishi Kanada mwenzake akipata ukaazi.

Mke aliye Muscat kwa kibali cha kazi cha Oman: kutoka nje, na achukue cheti cha polisi cha Oman kabla hajaondoka. Kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita inahitaji cheti chake, na kukipata ukiwa umeshatoka ni safari nyingine.

Kisanduku kimoja cha mwisho, kwa walioamua kuomba kutoka nje. Kwenye fomu ya mdhamini, IMM 1344, unaulizwa mapema kabisa: ukionekana hufai kuwa mdhamini, maombi yaondolewe au yaendelee? Ukichagua yaondolewe, unarudishiwa pesa zote isipokuwa zile 85, na rufaa inaondoka nazo. Ukichagua yaendelee, pesa unaweza kuzipoteza lakini rufaa inabaki. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye "yaondolewe," kwa sababu elfu moja na mia moja ni kodi ya nyumba. Nikampigia mume wangu. Tanga ilikuwa saa tano usiku, akaniambia yaendelee.